Gari Lako Linavuta Hewa Gani?

"Mzee, nikupulizie na ea klina?"

Kijana wa kuosha magari aliniuliza hivyo Jumamosi moja kule Tabata, Dar es Salaam, boneti ikiwa wazi na mpira wa kompresa mkononi mwake. Kabla sijajibu alikuwa ameshafungua klipu mbili, amelitoa chujio la hewa na kulipiga upepo kwa upande wa nje, ule ule ulioshika vumbi. Wingu jekundu likatimka. Akalikung'uta mara mbili kwenye ukingo wa saruji, akalirudisha mahali pake. Klipu ya tatu ilikuwa imekatika siku nyingi, na kifuniko cha kisanduku kikabaki kimeinuka kidogo pembeni. Hakuijali, wala mimi wakati huo sikuijali. Nilimwongezea shilingi elfu moja ya asante.

Kijana yule alifanya alichofundishwa na waliomtangulia, kwa nia njema kabisa. Lakini kitendo kile, kinachorudiwa kila siku katika kila kona ya miji yetu, ndicho kinachoua injini za magari ya zamani polepole, na mwenye gari huja kugundua moshi wa bluu ukiwa umeshaanza kutoka kwenye egzosi.

Habari ya hewa ya injini mitaani kwetu ina makundi mawili. Kuna sisi tunaopuliziwa chujio lile lile mwaka mzima. Na kuna vijana wanaong'oa kisanduku chote cha chujio na kufunga koni nyekundu iliyo wazi ili gari "livute". Makundi yote mawili yanataka kitu kimoja: gari la zamani lipate uhai kwa fedha kidogo. Nami nataka hicho hicho. Gari langu ni Corolla 110, toleo la miaka ya 1990, injini ya 5A ya sentimita za ujazo 1,498, na sina mpango wa kuliuza. Baada ya miaka ya kulihangaikia kwa mikono yangu, msimamo wangu ni huu: gari kuukuu halina njaa ya hewa nyingi. Lina njaa ya hewa safi na isiyo ya moto. Vyote viwili liliundwa navyo kiwandani, tukavipoteza njiani kwa klipu zilizokatika, mipira iliyopasuka na pua za plastiki zilizong'olewa gari lilipogongwa mbele.

Tuanze na wingi wa hewa yenyewe, maana wengi hatuufikirii. Petroli huungua vizuri ikipata hewa yenye uzito mara 14.7 ya uzito wake. Lita moja ya petroli ina takriban robo tatu ya kilo, kwa hiyo inahitaji kama kilo 11 za hewa, na kwa usawa wa bahari hizo ni lita 9,000 hivi. Gari likila lita 65 kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, limevuta zaidi ya lita nusu milioni za hewa. Yachukue yale matangi meusi ya lita 1,000 tunayoyaweka juu ya mapaa, uyapange 585 kando ya barabara. Hewa yote hiyo imepita kwenye karatasi moja iliyokunjwakunjwa, yenye bei ambayo kwa kawaida haifiki ya lita kumi za petroli.

Je, karatasi hiyo inaibana injini? Hili ndilo swali ambalo wauza koni hulijibu kwa sauti kubwa bila kipimo. Kipimo kipo, na hakihitaji maabara. Nilinunua mita nne za mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule wanaoutumia waashi kupima levo ya msingi. Nikaukunja kwa umbo la U juu ya kipande cha ubao, nikautia maji yenye rangi hadi nusu. Ncha moja nikaichomeka kwenye paipu ya hewa, baada ya chujio na kabla ya throto, yaani mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta, katika kitundu kidogo ambacho baadaye nilikiziba kwa skrubu yenye washa ya mpira. Ncha ya pili ikabaki wazi ndani ya gari. Injini ikivuta, maji hupanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, na tofauti ya sentimita 10 kati ya pande hizo ni sawa na asilimia 1 ya presha ya hewa ya kawaida.

Tulitoka alfajiri ya Jumapili baada ya mvua ya usiku, lami imelowa na vumbi limelala. Mwanangu wa kidato cha tatu alikaa kiti cha abiria na rula yake. Nilikanyaga mafuta hadi mwisho mara tatu: kwanza na chujio lililojaa vumbi, kisha na chujio jipya la karatasi, mwisho kisanduku kikiwa kitupu kwa umbali mfupi. Kwa chujio chafu maji yaliruka hadi kijana akapaza sauti. Lakini kati ya chujio jipya na kisanduku kitupu tofauti haikufika upana wa kiganja changu. Maana yake ni kwamba hata kama koni ingekuwa haina kizuizi chochote, kitu ambacho hakiwezekani, isingenipa hata asilimia moja ya hewa zaidi.

Waliopima kwa vyombo vikubwa hawako mbali na hapo. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani, iliyoko Tennessee, iliyajaribu magari yanayopuliza petroli kwa sindano yakiwa na machujio yaliyozibwa makusudi. Ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana, kwa sababu kompyuta ya gari hupunguza petroli hewa inapopungua. Kilichoshuka ni uwezo wa kuchanganya mwendo, kwa asilimia 6 hadi 11. Gari la kabureta halina kompyuta ya kulisaidia. Chujio likiziba, petroli inazidi, egzosi inatoa moshi mweusi na plagi zinavaa masizi. Kwa hiyo chujio chafu ni hasara kweli, na chujio jipya la kawaida linaiondoa yote. Hakuna ghorofa nyingine juu ya hapo ya kupanda kwa koni.

Mbona basi mwenye koni huapa kwamba gari limebadilika? Kilichobadilika ni sauti. Kisanduku cha kiwandani kina boksi jingine la plastiki pembeni yake, mara nyingi limefichwa ndani ya matigadi, halina chujio wala kazi inayoonekana. Mafundi wetu hulitupa wakidhani ni la urembo. Boksi hilo hufanya kazi kama chupa tupu inayopulizwa mdomoni: lina mlio wake, na limepimwa ili mlio huo uumeze mvumo wa hewa inayovutwa na injini. Kanuni yake ilielezwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz katika karne ya 19. Ukiling'oa, gari litanguruma na moyo wako utaamini lina nguvu. Na kama tundu lake halikuzibwa, sasa kuna mdomo wa pili unaokunywa hewa kutoka nyuma ya tairi.

Vifeni vya kuzungusha hewa vinavyochomekwa kwenye paipu, vinavyouzwa kwa ahadi ya kupunguza mafuta, nitavipita haraka. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imepima vifaa zaidi ya 100 vya aina mbalimbali vilivyodaiwa kuokoa mafuta, na vilivyoonyesha nafuu yoyote ni vichache sana. Kifeni ni kizuizi. Tunza fedha zako.

Sasa joto, ambalo ndilo lenye manufaa ya kweli na ambalo kwa bahati ni rahisi kulishughulikia. Hewa ikipanda nyuzi 3 za Selsiasi, inapungua uzito kwa takriban asilimia 1. Niliichukua sindano ya kipimajoto cha jikoni, kile cha kupimia nyama, nikaifunga kwa utepe mdomoni mwa kisanduku cha hewa na kuupitisha waya hadi ndani. Kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, saa nane mchana, hewa ya nje ilikuwa nyuzi 33 na iliyokuwa ikiingia kwenye injini ilipita 60. Tofauti ya karibu nyuzi 30 ni karibu asilimia 10 ya hewa. Linganisha na ile asilimia moja ambayo koni haiwezi kuifikisha. Koni iliyo wazi, nyuma ya redieta na jirani na egzosi, inakunywa hewa hiyo hiyo ya moto kwa mdomo mpana zaidi.

Nilipochunguza niligundua chanzo. Pua ya plastiki inayotoka kwenye kisanduku kwenda mbele, nyuma ya taa, haikuwepo. Bila shaka iling'oka gari lilipogongwa likiwa mikononi mwa mmiliki wa kabla yangu, na fundi wa bodi hakuona sababu ya kuirudisha. Nilitafuta Ilala kwa wauza spea zilizotumika hadi nikaipata, ikiwa na mkwaruzo lakini nzima. Ambaye haipati anaweza kutumia paipu ya alumini inayojikunja, ilmradi upana wake usipungue ule wa mdomo wa kisanduku, na ifungwe isicheze wala kusuguana na mkanda. Bomba la PVC la maji linalegea kwa joto. Usilipitishe karibu na egzosi. Kati ya kisanduku na egzosi niliweka kipande cha bati la alumini nilichokikata kwa mkasi, kikishikwa na bolti mbili zilizokuwepo. Kwenye foleni ile ile, wiki iliyofuata, kipimo hakikufika nyuzi 45.

Niseme kwa usawa: gari likikimbia kwenye barabara wazi, upepo unapoza chini ya boneti na tofauti hupungua. Faida hii huonekana kwenye foleni, na kwenye mlima unaopandwa taratibu. Kwenye mlima wa Kitonga ndiko nilikoiona. Lakini hata hapo kuna kitu ambacho hakuna paipu itakayokirudisha. Hewa hupungua kwa takriban asilimia 1 kwa kila mita 100 unazopanda. Ukifika Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, injini isiyo na turbo imepoteza kama moja ya tano ya hewa yake. Anayelalamika kwamba gari lake ni zito Njombe kuliko Dar hajadanganyika, wala gari lake si bovu.

Wenye magari ya kabureta wana zawadi ya bure ambayo wengi hawaijui. Magari mengi ya Japani na Ulaya ya miaka ya 1970 na 1980 yana mlango mdogo kwenye pua ya chujio unaoruhusu hewa ya moto kutoka juu ya egzosi, kwa ajili ya asubuhi za baridi kali. Baadhi yana kishikio cha kugeuza kwa mkono, kimeandikwa kiangazi na baridi kwa lugha ya wenyewe. Kikikwama upande wa baridi, gari la Tanga au Mombasa linapewa hewa ya moto maisha yake yote. Kigeuze. Kazi ya dakika moja.

Nimeliacha vumbi hadi hapa kwa sababu ndilo zito kuliko yote. Sehemu kubwa ya vumbi la barabara zetu ni punje za kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, magumu kuliko chuma cha kawaida cha silinda na ringi. Unywele wa mtu una unene wa takriban maikroni 70. Punje zinazoumiza injini ni za maikroni 5 hadi 20, ambazo jicho halizioni. Zikipita kwenye chujio lililotoboka, zinaingia katika utando mwembamba wa oili kati ya ringi na silinda na kusaga pande zote mbili kwa kila mzunguko. Mwenye gari hasikii kitu. Baada ya muda kompresheni inashuka, oili inaanza kupungua, na fundi anatamka neno ovahoo.

Wazee waliotengeneza magari ya nchi zenye vumbi walilijua hili. Land Rover za zamani na matrekta ya Massey Ferguson yalikuwa na chujio la oili: hewa ikigeuka ghafla juu ya bakuli la oili, vumbi zito linashindwa kugeuka nayo, linazama. Waliokuwa wakishindania Safari Rally miaka ya 1990 kwa Toyota Celica waliinua paipu ya hewa hadi usawa wa paa. Hao walikuwa na injini mpya na fedha za kiwanda, na bado walihangaikia mahali hewa inapotoka. Sisi wenye injini za miaka ishirini na thelathini tunafunga koni na kufuata basi kwenye barabara ya changarawe.

Turudi basi kwa kijana wa Tabata. Chujio la karatasi likishika vumbi kiasi, vumbi lenyewe huongeza uwezo wa kuchuja; kwa hiyo kulipuliza kila wiki ni kulirudisha nyuma. Upepo wa kompresa ukipigwa kwa karibu hupanua matundu ya karatasi au kuipasua kwenye mikunjo, na ukipigwa kutoka nje huzisukuma punje ndani zaidi. Ukilazimika kupuliza, kwa mfano uko kijijini na hakuna duka, puliza kutoka ndani kwenda nje, upepo mdogo, kwa mbali. Kisha ingiza tochi ya simu upande wa ndani na uliangalie chujio gizani. Ukiona hata nukta moja ya mwanga mkali, litupe. Usilioshe kwa maji na sabuni. Na unaponunua jipya, tazama mpira wa ukingo wake: ukiwa mgumu, au chujio likicheza ndani ya kisanduku, hewa itapita pembeni na karatasi nzuri haitakuwa na kazi.

Chujio jipya halisaidii kitu kama njia baada yake imetoboka. Ipo paipu ya mpira yenye mikunjo kati ya kisanduku na throto. Hupasuka chini ya mikunjo, mahali usipopaona mpaka uikunje kwa mkono. Upo pia mpira mwembamba wa kupumulia injini, unaotoka kwenye kifuniko cha valvu. Ukipasuka, hewa ya vumbi inaingia bila kupita popote penye karatasi. Kwa magari yanayokadiria hewa kwa kupima presha, kama injini nyingi za Toyota za E na A za miaka ya 1990, pasuko la kabla ya throto halibadilishi mwendo wa gari, na ndiyo hatari yake, kwa sababu hakuna dalili. Kwa magari ya baadaye yenye sensa ya hewa kwenye paipu, kama ya injini ya 1NZ, hewa inayoingia baada ya sensa haihesabiwi, silensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inayumba na taa ya injini inaweza kuwaka. Magari hayo hayapendi pia machujio ya kitambaa yanayopakwa oili. Oili ikizidi huchafua waya wa sensa. Na sensa hiyo ina dawa yake ya kusafishia. Usiiguse kwa petroli wala kitambaa.

Nilichotumia mimi ni kidogo: chujio jipya, paipu moja iliyotumika, klipu mbili za kukaza kwa bisibisi, na kamba ya sponji ya kuzibia milango, niliyoibandika kwenye ukingo wa kisanduku palipoinuka. Klipu iliyokatika niliitafutia mwenzake kwenye kisanduku kibovu. Throto niliisafisha kwa dawa yake na kitambaa, injini ikiwa imezimwa, nikatoa masizi ya miaka, silensa ikatulia. Paipu iliyopasuka ikifungwa kwa mpira wa tyubu inaweza kukufikisha nyumbani. Isikae mwezi.

Onyo moja kwa mtakaojiundia pua ya hewa: msiishushe chini ya bampa kwa kutafuta ubaridi. Maji hayabanwi kama hewa. Injini ikivuta maji kidogo tu kwenye dimbwi, pistoni inagonga kitu kisichobonyea na fimbo yake inapinda. Anayepita Jangwani, Dar es Salaam, mvua za masika zikinyesha anajua maji yanavyopanda kwa dakika chache. Mdomo wa hewa ukae nyuma ya taa, au juu zaidi.

Nawaomba pia mafundi wa bodi na wa injini: boksi la plastiki mnaloliona halina kazi, pua, klipu na vile viraba vidogo, virudisheni. Mteja hajui kudai asichokijua. Na nyinyi wenye sehemu za kuoshea magari, mwambieni kijana wenu aiweke kompresa kando mpaka aombwe.

Na wewe, ndugu msomaji, Jumamosi hii zima injini, iache ipoe, legeza klipu ya paipu inayoingia kwenye throto na uitoe. Funga kitambaa cheupe kwenye kidole, upitishe ndani yake. Utando mweusi wenye mafuta kidogo ni wa kawaida, hutoka kwenye mpira wa kupumulia. Kidole kikitoka chekundu au kikikwaruza kama msasa, vumbi linaingia kwenye injini yako sasa hivi. Tafuta linapopita, uzibe, kabla hujaliendesha tena kwenye barabara ya vumbi.